Darubini yenye stendi ya mota: maswali ninayoulizwa kila mara Arusha na Moshi

Maswali haya nimeyajibu kwa simu, ndani ya Noah za kwenda Moshi, na gizani nikiwa nimeng'ata tochi. Nimeyaandika sasa ili anayekwama saa tano usiku apate pa kuanzia bila kuniamsha. Ninaposema stendi, simaanishi miguu mitatu peke yake. Namaanisha kile kichwa kinachokaa kati ya miguu na bomba la darubini: mota mbili, gia zake, na rimoti inayoning'inia kwa waya.

Mota inafanya nini ambacho mkono wangu haufanyi?

Dunia inajizungusha, kwa hiyo anga lote linahama kutoka mashariki kwenda magharibi kwa digrii 15 kila saa. Kwa macho matupu huoni kitu. Chungulia kwenye darubini inayokuza mara 150 ndipo utaona: Mushtarii inatoka katikati na kupotea ukingoni kwa sekunde 40 hivi. Ukiwa peke yako unasukuma bomba kidogo, maisha yanaendelea. Ukiwa na watoto kumi na wawili kwenye foleni, wa tatu anakuta giza, na kwa adabu aliyofundishwa nyumbani anakwambia, "Nimeona, mjomba."

Mota inaigeuza darubini kwa mwendo uleule wa anga, kinyume na Dunia inavyozunguka, na sayari inabaki pale pale. Kazi yake ya pili ni kutafuta: unachagua jina kwenye rimoti, stendi inageuka yenyewe. Wengi hununua kwa ajili ya kazi hii ya pili. Baada ya miezi miwili wanaisifia ile ya kwanza.

Kama nataka kutazama tu, bila picha, ni lazima niwe nayo?

Hapana. Kwa fedha ileile, darubini ya kusukuma kwa mkono inakupa kioo kikubwa zaidi, na kioo kikubwa ndicho kinachokusanya mwanga. Mwezi, Kilimia na miezi minne ya Mushtarii havihitaji mota. Anayetaka picha afanye kinyume: fedha nyingi iende kwenye stendi, bomba lifuate. Bomba zuri juu ya stendi legelege linapiga picha za minyoo.

Kuna stendi ya juu-chini na stendi ya ikweta. Nichukue ipi?

Ya juu-chini inageuka kama shingo: inainua, inainamisha, inakwenda kushoto na kulia. Ya ikweta ina mhimili mmoja unaolazwa sambamba na mhimili wa Dunia, hivyo mota moja tu ndiyo inayofuata nyota. Kwa kutazama, chukua ya juu-chini. Ni nyepesi, na ukishaipanga haina makuu.

Kwenye picha, vitabu vya Ulaya na Marekani vitakwambia ya juu-chini haifai, kwa sababu nyota inabaki katikati lakini picha nzima inajizungusha taratibu kuizunguka. Kwa huko ni kweli. Kwa hapa ni nusu ya kweli, na nusu iliyobaki ni faida yetu. Arusha na Moshi ziko digrii 3.4 tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo nyota za ukanda wa kati zinachomoza wima, kama ndoo inayovutwa kisimani. Haziinami njiani. Nimepiga hesabu ya vitu viwili. Nebula ya Orion, yaani lile wingu la gesi angani, ikiwa nusu ya safari yake kutoka upeo wa mashariki hadi utosini, picha inajizungusha digrii 1.6 hivi kwa saa. Nebula ya Carina ikiwa kwenye kilele chake upande wa kusini, inajizungusha digrii 18 kwa saa. Stendi ni ileile, ila tofauti inazidi mara kumi.

Kwa hiyo mwenye stendi ya juu-chini asikate tamaa. Apige mashariki na magharibi, sekunde 20 hadi 30 kila picha. Akigeukia kusini au kaskazini, ashuke hadi sekunde 10. Aogope utosini, maana kitu kikipita juu kabisa ya kichwa, mota ya kushoto-kulia inatakiwa kuzunguka kwa kasi isiyo nayo. Orion inapita digrii mbili tu kutoka utosi wetu. Katikati ya Februari inafika pale saa mbili na nusu usiku, saa ambayo kila mtu ametoka nje na darubini. Isubiri iteremke, au anza nayo Desemba ikiwa bado inapanda.

Nimeiambia iende Zohali, imeinamia banda la kuku. Imeharibika?

Haijaharibika. Umeidanganya, nayo imekuamini.

Hili ndilo swali linaloongoza kwa kuulizwa, na kosa lake nimelifanya mwenyewe, Kisongo, mbele ya watu. Ilikuwa saa mbili na robo usiku. Rimoti ikauliza saa, nami nikaandika 02:15. Mtu aliyezaliwa na saa za Kiswahili anaweza kuishi na simu inayoandika 20:15 kwa miaka yote na bado, kidole kikiwa na baridi, aandike mbili. Zohali ilikuwa juu kabisa. Stendi ikapiga hesabu zake, ikaona kwa saa niliyoipa Zohali inazama magharibi, ikageuka kwa heshima zote na kulenga kuku. Mzee wa boma lile alikuja, akasimama, akatazama linakoelekea bomba. Nikamwamkia. "Marahaba," akasema, "na hiyo nyota imeingia kwa kuku lini?"

Saa sita za makosa ni robo mzunguko wa anga. Ukiona stendi imekosea kwa robo mzunguko, usiguse spana. Rudi kwenye saa.

Yafuatayo yaandike kwenye karatasi, uibandike kwenye mguu wa stendi. Saa: ya saa 24, kwa hiyo saa mbili usiku ni 20:00 na saa saba usiku ni 01:00, na hapo tarehe imeshabadilika. Tarehe: rimoti nyingi zinataka mwezi kwanza ndipo siku, maana zimepangwa kwa desturi ya Marekani. Ukiandika 05/06 ukimaanisha tano Juni, umeipa Mei sita. Ukanda wa saa: +3. Ikiuliza kama mnatumia saa za kiangazi, jibu ni hapana. Mahali: Arusha ni latitudo 3°22' kusini, longitudo 36°41' mashariki, Moshi ni 3°21' kusini, 37°20' mashariki.

Herufi ya kusini nayo ina hila yake. Kwa kuwa tuko karibu na ikweta, ukiacha N badala ya S kwenye stendi ya juu-chini kosa ni digrii saba tu, unaweza kudhani ni ulegevu wa miguu. Kwenye stendi ya ikweta ni balaa, kwa sababu mota inazunguka upande usio wake. Kijana mmoja wa Moshi aliniletea picha ambazo nyota zote zimekuwa mistari, mirefu kuliko kama asingewasha kitu. Alikuwa na kile kistendi kidogo cha kamera chenye swichi ya N na S. Swichi ilikuwa N. Mota ilikuwa ikikimbia kinyume na anga, hivyo nyota zilimpita kwa kasi mara mbili.

Kitabu kinasema niilenge Nyota ya Kaskazini. Naitafuta wapi?

Huipati. Iko chini ya upeo wetu kwa karibu digrii tatu. Hata ingechomoza kidogo, Arusha ungekuta Meru imesimama mbele yako, na Moshi ungekuta Kibo.

Sisi tunatumia ncha ya kusini ya anga, ambayo kwetu iko digrii 3.4 juu ya upeo. Ni chini mno. Kwa macho ni pale kwenye vumbi, moshi wa kuni na taa za magari. Nyota iliyo karibu nayo, Sigma Octantis, ni hafifu hata kwa wanaoiona ikiwa juu, kwa hiyo ile darubini ndogo iliyofichwa ndani ya mhimili wa stendi kwetu ni pambo. Ifunge kifuniko.

Kuna njia tatu. Mimi hutumia mbili za kwanza pamoja.

Ya kwanza inafanywa mchana, na inafaa kama unatazamia sehemu moja kila siku. Chukua timazi ya fundi mwashi, ining'inize juu ya slabu au sakafu iliyosawazishwa kwa pimamaji. Jua linapokuwa kwenye kilele chake, kivuli cha uzi kinalala kwenye mstari wa kaskazini na kusini. Kilele hicho hakiji saa sita kamili. Saa zetu zinafuata longitudo 45 na sisi tuko kama digrii nane magharibi yake, kwa hiyo kwa wastani Arusha ni saa 6:33 mchana. Katika mwaka kinacheza kati ya saa sita na robo na saa saba kasoro dakika kumi. Programu ya Stellarium, ambayo ni ya bure, inakupa dakika ya siku yako. Chora mstari huo, upake rangi, kisha usiku uelekeze mhimili wa stendi kuufuata. Wangu ni wa rangi nyeupe iliyobaki kwenye dirisha, umekaa miaka, na wageni wanadhani ni wa mchezo wa watoto. Usijaribu karibu na tarehe 12 Machi wala 2 Oktoba: siku hizo jua linapita utosini na kivuli kinajificha chini ya timazi yenyewe.

Dira ya simu inasaidia ukiwa porini, ila simama hatua kadhaa mbali na stendi na gari. Chuma na mota vinaivuta sindano. Kwa mwinamo, weka simu hiyohiyo juu ya mhimili na programu ya kupima pembe mpaka isome digrii 3.4.

Ya pili ni kutazama nyota inavyoteleza. Chagua nyota iliyo karibu na utosi, iweke katikati ya lenzi yenye alama ya msalaba, uache mota ifuate kwa dakika tano. Ikiteleza kuelekea kaskazini au kusini, mhimili umekosea kushoto au kulia. Zungusha skrubu ya pembeni kidogo, jaribu tena. Utelezi ukizidi, ulizungusha upande mbaya, rudi. Ukishatulia, hamia nyota iliyo chini upande wa mashariki, digrii 20 au 30 juu ya upeo, ufanye vilevile kwa skrubu ya juu na chini. Kwa picha za lenzi fupi inatosha dakika ishirini za kazi hii. Kwa bomba refu ni saa nzima, na usifanye ukiwa na mgeni anayesubiri kuona Mwezi.

Ya tatu ni ya wenye kamera na kompyuta. Programu inapiga picha mahali popote angani, inazitambua nyota kwa mpangilio wao, inageuza stendi, inapiga tena, mara tatu, kisha inakwambia mhimili umekosea kiasi gani na upande gani. Programu iitwayo NINA ina nyongeza ya kufanya hivyo. Haihitaji kuiona ncha kabisa, ndiyo maana kwetu ni mkombozi.

Stendi yangu ya ikweta haishuki hadi digrii 3. Imegoma kwenye 10.

Imetengenezwa kwa watu wa mbali na ikweta. Nyingi zinaishia 10 au 15, nyingine 5, chache zinafika sifuri. Angalia namba hiyo kabla ya kulipa, hata kabla ya kuuliza uzito.

Kama umeshanunua, inamisha miguu mitatu yenyewe. Fupisha mguu mmoja ulio upande unaoelekea kusini au refusha ule wa kinyume, kutegemea stendi inagomea wapi, mpaka simu isome 3.4. Usiogope kwamba haiko sawa kwa pimamaji. Stendi ya ikweta haijali miguu, inajali mhimili. Inachojali ni kuanguka, kwa hiyo weka mfuko wa mchanga chini.

Tatizo la pili huja baada ya hapo. Mhimili ukilala hivi, ule mtaimbo wenye mawe ya mizani unaning'inia chini moja kwa moja na kugonga miguu. Unahitaji nguzo fupi ya kunyanyua kichwa juu ya miguu. Mafundi wa kuchomelea wanaitengeneza kwa bomba la chuma, mradi umpe kichwa chenyewe apime matundu. Usimpe kipimo cha kukumbuka. Mimi nilimpa cha kukumbuka.

Nilinganishe na nyota zipi?

Baada ya saa na mahali, stendi inataka uionyeshe nyota mbili au tatu unazozijua. Chagua zilizo mbali na nyingine, moja upande huu moja upande ule, na zisiwe utosini wala chini kwenye vumbi. Januari hadi Machi ni raha tupu: Sirius, Canopus, Rigel, Capella. Julai na Agosti tumia Arcturus, Antares, Vega na Alpha Centauri. Oktoba anga la jioni lina nyota angavu chache, lakini Fomalhaut na Achernar zipo.

Watu huzichanganya Alpha na Beta Centauri, zile mbili zinazouelekeza Msalaba wa Kusini. Alpha ndiyo ya mbali na Msalaba, na ndiyo angavu zaidi. Kwenye darubini ndogo inagawanyika nyota mbili. Na kuwa mwangalifu na Mirihi, huwa inapita karibu na Antares, zote nyekundu.

Kuhusu gia: zina ulegevu kidogo, kile mafundi wa magari wanakiita plei. Unapoisogeza nyota katikati, malizia daima kwa vitufe vilevile viwili, mfano juu na kulia. Ukipitiliza, rudi nyuma vya kutosha uje tena kwa upande uleule. Ukifanya hivyo kwenye nyota zote, stendi itakupatia vitu usiku kucha. Ukichanganya, itakupatia jirani zake.

Umeme je? Slabu yangu ina soketi.

Soketi ni nzuri mpaka umeme ukatike katikati ya picha ya arobaini. Stendi ikizimika inasahau kila kitu, nawe unaanza na saa upya. Tumia betri ya volti 12 hata nyumbani.

Hesabu ni rahisi. Stendi ya kawaida inakula kama ampea moja ikifuata nyota, zaidi kidogo ikigeuka kwa kasi. Saa sita ni ampea-saa sita. Ongeza kamera na mkanda wa kuzuia umande, unafika 15 au 20. Betri ya risasi, kama ya pikipiki au gari, usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo nunua mara mbili ya hesabu yako. Betri ya lithiamu inavumilia kushushwa zaidi na haivunji mgongo, ila kuisafirisha kwa ndege kuna masharti, ndiyo sababu wauzaji wengi wa nje hawaitumi.

Kabla ya kuchomeka, pima plagi kwa mita: chanya iwe katikati ikiwa kitabu kinasema hivyo. Nimeshashuhudia bodi ya stendi ikitoa moshi kwa sababu waya ziligeuzwa. Harufu yake huisahau. Na usiunganishe stendi moja kwa moja kwenye paneli ya sola. Volti zake hazitulii.

Nikitaka picha, nifungue shata kwa sekunde ngapi?

Inategemea lenzi kuliko stendi. Kwa kamera ya kawaida na lenzi ya milimita 50, stendi iliyopangwa kwa dira na simu tu itakupa sekunde 60 bila shida. Kwa bomba lenye urefu wa fokasi wa milimita 400, anza na 30, kuza picha kwenye kioo cha kamera, tazama nyota za pembeni. Zikiwa duara, ongeza. Zikiwa mayai, punguza.

Gia ndogo ya ndani, ile ya skrubu inayosukuma gia kuu, ina mzunguko wake, kwenye stendi nyingi ni dakika nane hadi kumi, na katika mzunguko huo inakwenda mbele kidogo na kurudi nyuma kidogo. Ndiyo maana picha tatu zinatoka safi na ya nne imeharibika bila wewe kugusa kitu. Tupa hiyo ya nne. Picha nzuri za anga hazipigwi moja. Unapiga 60 au 100 fupi, kisha programu kama Siril au DeepSkyStacker, zote za bure, zinazipanga moja juu ya nyingine na kuondoa chengachenga. Saa moja ya picha za sekunde 30 nilizopiga nje ya mji inashinda saa tano za slabu yangu ya Njiro, taa za barabarani zikiwa zimenizunguka.

Uzito nao ni jambo. Stendi ikiandikwa inabeba kilo 10, hiyo ni ya kutazama. Kwa picha ipe tano, sita.

Kamera ya kuongozea ni lazima?

Kwa fokasi ya chini ya milimita 300 hapana. Juu ya hapo, ndiyo, utaitaka. Ni kamera ndogo kwenye bomba dogo la pembeni, inaitazama nyota moja, na programu ya PHD2 inasahihisha mota kila baada ya sekunde moja au mbili. Haiponyi stendi iliyopangwa vibaya.

Simu inatosha?

Kwa Mwezi na sayari, ndiyo. Nunua kishikio cha kuibana kwenye lenzi ya jicho, piga video ya dakika moja, chagua fremu nzuri.

Nianze na kutazama nini?

Zohali, kama ipo. Mwaka 2025 pete zake zilitugeukia ubavu zikawa kama wembe, na watu walinilalamikia mimi. Zinafunguka tena mwaka baada ya mwaka. Juni jioni, iambie stendi iende Omega Centauri, lile rundo kubwa la nyota. Kwa macho ni kama nyota yenye ukungu. Kwenye bomba lenye kioo cha upana wa milimita 150 ni sukari iliyomwagika juu ya kitambaa cheusi. Wenzetu wa Ulaya ya kati hawaioni kabisa. Julai hadi Septemba ni kitovu cha Njia Nyeupe, ambacho kwetu kinapanda digrii 64 juu ya upeo. Novemba, kama vuli itakuruhusu, kuna galaksi ya Andromeda upande wa kaskazini, juu kabisa ya mabega ya Meru.

Mawingu yanaisha lini?

Wahenga walisema Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Huku kinazama na masika, mwezi wa tano, na kikirudi alfajiri mwezi wa sita mvua zimekwisha. Lakini mvua kuisha si mawingu kuisha. Juni na Julai Arusha ina mawingu ya baridi yanayong'ang'ania mlimani, na mara nyingi ukishuka nusu saa tu kuelekea Makuyuni unayaacha nyuma. Januari na Februari ndiyo miezi ninayoipenda. Mlima hapa ndio unaotengeneza mawingu, kwa hiyo kimbia mlima: kutoka Moshi teremka kusini, upande wa Nyumba ya Mungu, kutoka Arusha nenda Monduli au barabara ya Longido.

Popote uendapo, piga hodi mchana. Mtu mwenye bomba refu jeupe na tochi nyekundu saa nne usiku anaeleweka vibaya. Mwenyekiti wa kitongoji akishaiona Zohali, hutasumbuliwa tena, ila kila mwezi atauliza unarudi lini na kukutajia wajukuu alio nao.

Umande na vumbi?

Umande ndio unaomaliza usiku mapema kuliko usingizi. Tumia mkanda wa moto kwenye mdomo wa bomba, au angalau bomba la mkeka wa povu la kurefusha mdomo. Usifute kioo kwa leso. Vumbi la Kisongo ni la kulipulizia kwa kipuliza cha mpira, ukilisugua linachora. Grisi ya gia usiiguse mpaka ianze kulia kwa sauti ambayo haikuwepo mwaka jana.

Naweza kutumia leza ya kijani kuonyeshea nyota?

Karibu na uwanja wa ndege wa KIA, usiiwashe. Uwanja uko katikati ya Arusha na Moshi, na ndege za usiku zinashuka chini. Leza inamtia rubani kiwi hata akiwa mbali. Onyesha kwa kidole na maneno. Watu waliijua Kilimia kabla ya leza.

Na kupatwa kwa jua? Stendi italifuata?

Italifuata vizuri sana. Rimoti nyingi zina mwendo wa jua, tofauti kidogo na wa nyota. Lakini kichujio cha jua kikae mbele ya bomba, kimefungwa kwa gundi ya karatasi ili upepo usikitoe, kabla hujaiwasha. Kile kichujio kidogo cha kukaza kwenye lenzi ya jicho kitupe, kinapasuka kwa joto. Kitafutio cha pembeni kifunike pia, maana mtoto atachungulia hapo. Na kumbuka stendi haijui kuogopa: ukiiambia mchana iende Zuhura, inaweza kulipitisha bomba wazi juu ya jua ikiwa njiani.

Waliokwenda Rujewa, mkoani Mbeya, tarehe 1 Septemba 2016 waliiona pete kamili. Tarehe 2 Agosti 2027 giza kamili litapita Misri hadi ncha ya Somalia, na huku kwetu jua litamegwa sehemu, mchana. Nyota za kulinganisha hutakuwa nazo saa hiyo. Panga stendi kwa ule mstari wa rangi kwenye slabu, digrii 3.4, S, ukanda +3, kisha lielekeze bomba kwa kutazama kivuli chake: kikiwa kidogo kuliko vyote, jua limo ndani.